GMO, uhariri wa jeni, shamba la ghorofa au nyama ya maabara: ipi itabeba chakula cha kesho na ipi inakufaa wewe

Kila nikiona watu wanajadili chakula cha kesho naona vitu vyote vinatiwa kapu moja, mtu anasema "teknolojia mpya" na humo humo kachanganya mbegu ya GMO (iliyopandikizwa jeni ya kiumbe kingine), droni, nyama ya maabara na mboga zinazooteshwa ndani ya jengo chini ya taa, afu mjadala unaishia kwenye unakubali au unakataa. Hapo hamna anayesaidika. Hivi vitu vinatatua matatizo tofauti, vina gharama tofauti na kila kimoja kinakufunga kwa namna yake, kwa hiyo nataka tuvilinganishe, ili anayefikiria kulima, kusomea au kuweka hela yake humo ajue anachagua nini hasa.

Mi nina swali moja ninalopimia kila teknolojia: msimu wa pili itakuwaje? Msimu wa kwanza kila kitu kinapendeza, mbegu inaota vizuri, mitambo inawaka, muuzaji anapiga simu kila wiki. Msimu wa pili ndo unajua mbegu unaitoa wapi, umeme nani analipa, mdudu kashazoea au bado, na ukikwama nani anakuja kukusaidia.

Mbegu: kawaida, GMO na uhariri

Naanza na mbegu na nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine, maana mchele, ngano, mahindi, mihogo na viazi vyote vinatoka kwenye mashamba ya wazi na sioni kitakachovitoa huko, hivyo teknolojia itakayofika kwenye sahani za watu wengi ni ile inayoingia ndani ya mbegu.

Uzalishaji wa kawaida ni ule wa kupandanisha mzazi huyu na yule afu unachagua watoto walio bora. Watu wanauona wa kizamani, kumbe siku hizi unafanywa kwa kusoma vinasaba: mtafiti anakata kipande cha jani la mche mchanga, anapima kama jeni anayoitaka imo, usiokuwa nayo anautupa mapema bila kusubiri ukomae. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mpunga unaovumilia mafuriko. Mpunga unapenda maji lakini ukizama mzima siku nyingi unakufa, kwa sababu unajirefusha kutafuta hewa mpaka unamaliza akiba yake yote ya nguvu. Sasa kulikuwa na mpunga wa kienyeji kutoka India wenye jeni iliyokuja kuitwa Sub1A, hiyo inaufanya mmea utulie, usirefuke, ubane nguvu yake mpaka maji yashuke. Watafiti wakaihamishia kwa kupandanisha kwenye Swarna, aina ambayo wakulima walishaizoea na kuipenda, wakapata Swarna-Sub1 iliyotolewa India mwaka 2009 na inavumilia kuzama hadi wiki mbili hivi. Hamna GMO hapo kabisa. Na msimu wa pili uko vizuri, maana mpunga unajichavusha wenyewe, mkulima anatunza mbegu zake, anapanda tena na jeni bado ipo.

Ila usichanganye hilo na chotara ya F1, hasa ya mahindi. Chotara inatoka kwa wazazi wawili walioandaliwa makusudi, shamba linakuwa limenyooka na mavuno yanapanda, lakini ukipanda punje ulizovuna humo mimea inatoka mchanganyiko, mingine mirefu mingine mifupi, na nguvu inashuka, kwa hiyo kila msimu unanunua upya. Kama ongezeko la mavuno linafunika bei ya mbegu, nunua, hamna shida, muhimu ni ulijue hilo kabla hujatoa hela. Na chotara sio GMO jamani, hili linawakosesha watu mbegu nzuri bure.

GMO yenyewe ni pale jeni inapochukuliwa kwenye kiumbe kingine na kupandikizwa kwenye mmea. Mashambani zimekuwepo kwa wingi tangu 1996, na zilizotawala ni soya, mahindi, pamba na kanola (zao la mafuta), tena kwa sifa mbili tu hasa: kujikinga na wadudu, na kuvumilia dawa ya magugu. Hizo sifa mbili ni lazima tuzitenganishe, kwa sababu anayesema GMO imefaulu au imeshindwa mara nyingi ana moja tu kichwani.

Ya wadudu inaitwa Bt. Kuna bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, anatengeneza protini ambayo ikifika kwenye utumbo wa kiwavi inajishikiza ukutani na kutoboa, kiwavi anaacha kula, anakufa. Utumbo wa binadamu hauna sehemu za kushikiziwa kama hizo na tumbo letu lina asidi, kwa hiyo kwetu inameng'enywa kama protini nyingine. Faida yake ni kwamba kinga iko ndani ya mmea, mkulima hazunguki na bomba la dawa mgongoni kila mara, wala havuti ile sumu puani. Bangladesh waliruhusu biringanya ya Bt mwaka 2013, iliyotolewa na taasisi ya utafiti ya serikali kwenye aina ambazo sio chotara, maana yake mkulima anaweza kutunza mbegu. Nigeria wakaruhusu kunde za Bt mwaka 2019 dhidi ya funza wa maganda, mdudu anayekula maua na maganda mpaka mtu anavuna kidogo sana. Huyo funza ndo mfano wangu wa pale GMO inapostahili: kinga nzuri haikupatikana ndani ya ukoo wa kunde wenyewe, sasa utapandanisha na nini? Papai la Hawaii nalo ni hivyo hivyo, kirusi cha madoa ya pete kilikuwa kinamaliza mashamba, Dennis Gonsalves na wenzake wakaweka kipande cha jeni ya kirusi chenyewe ndani ya papai likapata kinga, na mwaka 1998 mbegu zikaanza kugawiwa kwa wakulima bure.

Sasa msimu wa pili wa Bt, au tuseme wa kumi. Wadudu wanazoea. India funza mwekundu wa pamba alishakuwa sugu, kwanza kwa pamba yenye jeni moja ya Bt, baadaye hata kwa ile ya jeni mbili. Kinachochelewesha usugu ni kuacha sehemu ya shamba ikiwa na mbegu isiyo na Bt, ili wadudu wasio sugu wabaki wengi na wapandane na wale wachache sugu, watoto wao wengi wasiwe sugu. Wengi hawaachi hiyo sehemu, na ninawaelewa, sio rahisi kumwambia mtu mwenye shamba dogo apande mistari ya kulisha wadudu, ila ukikubali mbegu ya Bt ukakataa hilo sharti unajua kabisa unapunguza miaka ya hiyo mbegu kufanya kazi, ya kwako na ya jirani yako.

Ile ya pili, ya kuvumilia dawa ya magugu, mi siipendi kama ya kwanza. Inarahisisha kazi kweli, unapiga dawa shamba zima zao linabaki magugu yanakufa, na inasaidia wanaolima bila kutifua udongo. Ila watu walipotegemea dawa hiyo hiyo moja, glaifosati, mwaka hadi mwaka, magugu sugu yakajaa, wakalazimika kuongeza dawa nyingine juu yake. Kama shida yako ni kibarua cha kupalilia inaweza kukufaa, lakini ihesabu pamoja na bei ya dawa na mpango wa kubadilisha dawa na mazao.

Kuna tukio la Burkina Faso ambalo kila anayechagua mbegu alijue. Walianza pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008, wadudu wakapungua, dawa ikapungua, wakulima wengi wakaridhika. Tatizo likaja kwingine kabisa, nyuzi za pamba zikawa fupi kuliko zile zilizoipa pamba yao jina zuri sokoni, bei ikaumia, na kufikia 2016 wakaanza kurudi kwenye mbegu za zamani. Jeni ilifanya kazi yake vizuri ila ile aina iliyowekewa jeni haikubaki na ubora ule ule, kwa hiyo ukiambiwa mbegu fulani ina jeni nzuri uliza imewekwa kwenye aina gani, na mnunuzi wako anataka nini.

Kuhusu afya, maana najua ndo swali la wengi. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti kubwa mwaka 2016 iliyopitia mamia ya tafiti na haikuona ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vina hatari zaidi kwa afya kuliko vile vya kawaida. Mi naikubali hiyo, kwa maana yake ile ile, ni kuhusu vilivyopimwa na viko sokoni, kila kipya kinapimwa peke yake. Ninachoona watu hawakiulizi vya kutosha ni umiliki: nani ana hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, mkulima akitunza mbegu anavunja mkataba au la, kampuni ikiacha kuuza hiyo aina nini kinabaki. Hapo ndo wasiwasi wangu mkubwa na GMO ulipo, na unaona kwamba biringanya, kunde na papai zilizotoka kwenye taasisi za umma ni habari tofauti na zile zinazouzwa na kampuni chache kubwa, ingawa zote zinaitwa GMO.

Na muda pia. Mchele wa dhahabu, ule wenye beta karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A, ulitangazwa na Ingo Potrykus na Peter Beyer mwaka 2000. Ufilipino wakaruhusu kuupanda kibiashara 2021, na 2024 mahakama ya rufani huko ikausimamisha. Zaidi ya miaka 20! Katika muda huo huo viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilivyopatikana kwa uzalishaji wa kawaida, vikasambaa kwa familia nyingi Afrika na vina hiyo hiyo beta karotini, mpaka wataalamu wake wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Sisemi mchele huo haufai, kwa mtu ambaye kila siku anakula wali na hana kingine ungemsaidia sana na inaniuma umekaa mahakamani, ila kama njia ya kawaida inafika kule kule nenda nayo, inafika mapema na haina kesi.

Njia ya tatu ya mbegu ni uhariri wa jeni, CRISPR. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walichapisha kazi yao 2012, wakapata Nobel ya kemia 2020. Kwa kifupi kuna kimeng'enya kinachokata DNA, kinaongozwa na uzi mfupi wa RNA, molekuli ndugu ya DNA, mpaka mahali hasa unapopataka, kinakata, seli inajiziba yenyewe na hapo kwenye kuziba jeni inazimika au inabadilika kidogo. Mara nyingi mmea wa mwisho haubaki na jeni ngeni, mabadiliko yanafanana na yale yanayotokea yenyewe shambani, tofauti ni kwamba hapa umepachagua. Japani wameuza nyanya iliyohaririwa tangu 2021, yenye GABA nyingi zaidi, kemikali ya asili inayohusishwa na kushusha presha. Kwa bei na kwa kasi, hii inaipiku GMO kwa mbali, maabara ndogo za umma zinaweza kuifanya, na kwa mazao ambayo kampuni kubwa hazina haja nayo, mihogo, mtama, viazi vikuu, hii ndo imenipa matumaini kuliko zote.

Lakini ina mipaka yake na wanaoisifia wanairuka. Kuzima jeni ni rahisi, kuleta sifa ambayo mmea haujawahi kuwa nayo ni ngumu, ule uwezo wa Bt hauupati kwa kuzima jeni ya kunde. Ukame nao hauna jeni moja, ni jeni nyingi ndogo ndogo zinazosaidiana, kwa hiyo ukisikia mtu anaahidi mbegu ya ukame kwa mkato mmoja uwe makini. Halafu lazima ukague ulichopata: kuna ng'ombe waliohaririwa Marekani wasiote pembe, wakasifiwa sana, afu mwaka 2019 mamlaka ya dawa na chakula ya huko ikakuta kwenye vinasaba vyao mabaki ya DNA ya bakteria iliyotumika kwenye kazi. Na sheria hazifanani, Argentina tangu 2015 wana utaratibu unaosema bidhaa isiyo na jeni ngeni haihesabiwi GMO, mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ikasema inahesabiwa. Kama unalima kwa ajili ya kuuza nje ya nchi, hilo la sheria linakuhusu kuliko sayansi yenyewe.

Kwa hiyo kwenye mbegu mpangilio wangu ni huu: kama sifa unayoitaka ipo kwa ndugu wa huo mmea, chukua iliyozalishwa kwa kawaida. Kama ni suala la kuzima au kurekebisha kitu kimoja kinachojulikana, uhariri. Kama kinga haipo popote kwenye ukoo na mdudu au kirusi anamaliza shamba, GMO, na iwe ya taasisi inayokuruhusu kutunza mbegu kama ipo.

Shamba la wazi lenye vihisi au shamba la ghorofa?

Hapa ndo picha zinawadanganya watu. Shamba la ghorofa linapendeza sana, rafu juu ya rafu, taa za zambarau, hamna udongo wala viwavi, na maji yanazunguka yale yale kwa hiyo akiba yake ya maji ukilinganisha na shamba la wazi inaweza kufika asilimia 90. Kilimo kinachukua karibu asilimia 70 ya maji baridi yote ambayo binadamu anayachota, hivyo akiba hiyo sio ndogo.

Shida ni mwanga. Jua ni la bure, taa unailipia, na mmea unageuza asilimia chache tu ya mwanga kuwa chakula. Utafiti mmoja wa 2020 ulipiga hesabu ya ngano kwenye jengo la tabaka 10, ikaonekana hekta moja ya jengo inaweza kutoa mara 220 mpaka 600 ya wastani wa dunia kwa mwaka, namba ya kushangaza, na hao hao watafiti wakaandika kwamba kwa gharama ya umeme na bei ya ngano haiwezi kushindana sokoni. Ndo maana ukitembelea mashamba ya ghorofa unakuta saladi na majani ya viungo, vitu vinavyokua kwa wiki chache, vinauzwa ghali na karibu vyote ni maji. Hata hao wenye saladi wameumia, AeroFarms ya Marekani ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Juni 2023, Bowery Farming ikafunga Novemba 2024, na hizi zilikuwa na hela nyingi za wawekezaji na wataalamu wa kutosha. Kama wao msimu wa pili umewashinda, wewe unayetaka kukopa kuanzisha ya kwako kaa chini upige hesabu ya umeme kabla ya hesabu ya mbegu.

Katikati kuna haidroponiki, yaani kuotesha mimea kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, ndani ya kitalu nyumba, inayotumia jua lenyewe. Hiyo naikubali zaidi, kwa nyanya, pilipili hoho, matango, mboga za majani, ukiwa karibu na soko na ardhi yako ni finyu au imeharibika kwa chumvi. Ila ujue mambo mawili. Mfumo ambao mizizi inaning'inia kwenye mkondo mwembamba wa maji, pampu ikizima saa chache tu kwenye joto mimea inalala, kwa hiyo umeme wa akiba sio anasa. Na ugonjwa wa mizizi ukiingia kwenye tenki unasambazwa na maji kwa kila mmea, udongo ungeuchelewesha.

Upande wa pili ni shamba la kawaida lenye vipimo. Droni yenye kamera inayoona mwanga usioonekana kwa macho inakuonyesha kona yenye njaa ya naitrojeni kabla majani hayajageuka manjano, kihisi cha unyevu kinakuambia leo usimwagilie, bomba la matone linapeleka maji na mbolea mpaka kwenye shina. Haina mvuto wa picha, lakini angalia inachookoa: mbolea ya naitrojeni ikizidi mahitaji ya mmea, sehemu yake inatoka hewani kama naitrasi oksaidi, gesi ambayo kwa uzito ule ule inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kaboni dioksidi, na hela yako imepaa nayo. Tena hapa unaweza kuanza kidogo, ukaanza na matone peke yake mwaka huu, droni ukamkodi mwenye nayo badala ya kununua, na kitu kikiharibika shamba haliishi. Hofu yangu ni taarifa. Picha na vipimo vya shamba lako vinakaa kwenye seva ya nani, na ukiacha kulipa ada ya programu unaondoka nazo au zinabaki kwao? Soma hilo kwenye mkataba.

Matenki: nyama ya maabara na uchachushaji

Mark Post alionyesha kitoweo cha kwanza cha nyama ya ng'ombe iliyooteshwa maabara, London, Agosti 2013, na kutengeneza hicho kimoja kuligharimu kama yuro 250,000. Singapore wakawa wa kwanza kuruhusu kuuzwa nyama ya aina hii, ya kuku, Desemba 2020, Marekani wakafuata Juni 2023, halafu Italia wakapiga marufuku mwaka huo huo na jimbo la Florida 2024. Gharama imeshuka sana tangu ile ya London ila kikwazo kipo kwenye biolojia yenyewe: seli ya mnyama inagawanyika mara moja kwa siku hivi, bakteria anaweza kugawanyika kila nusu saa, hivyo bakteria mmoja akipenya kwenye tenki ndani ya muda mfupi tenki ni lake. Usafi unaotakiwa ni wa kiwanda cha dawa, na kiwanda cha dawa kinauza gramu kwa bei kubwa, nyama inauzwa kwa kilo.

Uchachushaji wenye maelekezo ni kitu kingine na watu wengi wanautumia bila kujua. Unachukua hamira, kuvu au bakteria, unampa jeni ya protini unayoitaka, anakutengenezea kwenye tenki. Insulini ya hivyo imekuwepo tangu 1982. Na kimeng'enya cha kugandishia maziwa kuwa jibini, zamani kilitolewa kwenye tumbo la ndama, Marekani waliruhusu kinachotengenezwa na vijidudu mwaka 1990 na leo ndo kinachotumika kwenye sehemu kubwa ya jibini. Mbinu hiyo hiyo sasa inatengeneza protini za maziwa na za yai bila mnyama. Mbali na hiyo kuna kuvu wenyewe wanaoliwa kama chakula, Uingereza protini ya kuvu inauzwa tangu 1985. Ukinilazimisha nichague kati ya nyama ya maabara na uchachushaji nachagua uchachushaji bila kusita, kwa sababu vijidudu vinakua haraka, viwanda vyake vinaeleweka, na kiasi kidogo cha protini kinaleta thamani kubwa.

Na vyote viwili vinakula sukari. Tenki halitoi chakula hewani, linageuza sukari na naitrojeni kuwa protini, na sukari hiyo inatoka kwenye mahindi, miwa au viazisukari vya mtu aliyelima shambani. Kwa hiyo hata huko tunarudi kwenye mbegu na udongo.

Vidogo ambavyo havitangazwi

Nisingependa kumaliza bila hivi maana kwa watu wengi ndo chaguo bora la kuanzia. Kuna bakteria wa mikunde, rhizobia, unapaka kwenye mbegu ya soya au maharage siku ya kupanda, wanajenga vinundu kwenye mizizi na kuvuta naitrojeni kutoka hewani, ni bayoteknolojia ya zaidi ya miaka mia na bado kuna mashamba mengi hayajawahi kuipata. Kuna udhibiti wa sumukuvu kwa kutumia kuvu jamaa wasiotoa sumu, unawamwaga shambani kabla ya mavuno wanachukua nafasi ya wale wenye sumu, na sumukuvu inahusishwa moja kwa moja na saratani ya ini, kwa hiyo hapa unalinda watu na soko kwa pamoja. Na kuna miche ya tishu ya migomba, inatoka maabara ikiwa safi bila magonjwa, inakua sawasawa na kuvunwa kwa pamoja. Angalizo moja, safi haimaanishi ina kinga: ukiipanda kwenye udongo wenye mnyauko itaugua kama mwingine wowote.

Sasa uchague lipi

Ukiwa na shamba dogo la wazi na hela ya kubahatisha huna, chukua mbegu bora iliyozalishwa kwa kawaida inayofaa hali yako, ongeza rhizobia kama unalima mikunde, afu hela ya kwanza inayobaki iende kwenye maji, yaani matone. GMO iingie tu kama imeruhusiwa unapolima, mdudu au kirusi inayemlenga ndiye hasa anayekumaliza, na umeshajua mnunuzi wako anaikubali.

Kama una shamba kubwa, vipimo kwanza. Utashangaa ni mbolea kiasi gani ulikuwa unamwaga mahali isipohitajika, na akiba hiyo italipa vifaa mapema kuliko mbegu yoyote mpya.

Huna ardhi ila uko karibu na walaji wengi, nenda kitalu nyumba chenye haidroponiki inayotumia jua, anza na zao moja. Ghorofa lenye taa liache mpaka uwe na umeme wa bei ndogo wa uhakika na mkataba wa mnunuzi uliosainiwa, vyote viwili, kimoja hakitoshi.

Mwekezaji nitamwambia uchachushaji kabla ya nyama ya maabara, na mbegu za mazao yaliyosahaulika kabla ya vyote, ingawa faida yake inachelewa.

Na kijana anayeuliza asomee nini, mi ningemwambia uzalishaji wa mimea ukiunganishwa na takwimu na usomaji wa vinasaba. Kuhariri jeni kunafundishika kwa muda mfupi, kazi ngumu ni kujua jeni ipi uiguse, na hilo linamtaka mtu aliyetembea mashambani, akapima maelfu ya mimea kwenye mvua na kwenye ukame, akawauliza wanaopika na wanaokula kama mbegu hiyo inapikika na ina ladha wanayoitaka. Watu wa namna hiyo ni wachache mno, na kila taasisi ya mbegu inawatafuta.